Mafuta Meusi ya Asubuhi

Kwetu Uvira mtu hatoki nyumbani akiwa mkavu. Unaweza kutoka bila kula, bila viatu, hata bila akili, na watu wakakupita wakaenda zao. Lakini jaribu kutoka na mikono iliyopauka kama umelala kwenye majivu. Kabla hujafika barabarani kuna mama mmoja atakuita kutoka uani kwake: "Weye mutoto, kwenu mawese ilisha?" Swali hilo halihusu mawese. Linamhusu mama yako na namna alivyokulea, na kama kwenu mnaishi watu au mnaishi mbuzi.

Kwa hiyo asubuhi ni kuoga, kupaka mafuta, kutoka. Wenye uwezo walipaka mafuta ya dukani kutoka Usumbura, ambayo siku hizi tunatakiwa kuiita Bujumbura. Sisi tulipaka mawese yaliyochemshwa mpaka wekundu ukapungua. Na hakuna anayepaka jioni. Ukipaka jioni unachafua mkeka, halafu panya wanakuja kukulamba vidole vya miguu. Mimi nimelambwa, sisimulii ya kuambiwa.

Naeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililomchoma mama yangu mikono. Hilo, na mtu mmoja wa Kavimvira, na masista waliotufundisha Kifaransa, na mimi mwenyewe. Nitawasema wote, na mimi sitajipunguzia.

Mama alikuwa na ugonjwa wa ngozi tangu kabla sijazaliwa. Kuanzia viwiko hadi vifundo vya mikono, na nyuma ya shingo chini ya nywele, ngozi yake ilijikusanya ikawa nene na kutoa magamba meupe yaliyodondoka kila alipokaa. Hauambukizi ugonjwa huo. Nimelala naye mkeka mmoja miaka mingi na mikono yangu bado ni laini kama ya mvivu, na uvivu ndio kazi yangu. Lakini unawasha. Wakati wa kiangazi alijikuna kwa gunzi la muhindi mpaka damu, huku akiongea na wageni habari nyingine kabisa.

Kabla ya uhuru alikuwa akienda dispanseri, kwa sista mmoja mzungu. Masista sisi tuliwaita mamasere, na huyu masere wa dispanseri alikuwa na masharubu kumshinda baba. Alimpaka mama mafuta meusi yenye harufu ya lori bovu, akamfunga bandeji kutoka juu ya viwiko hadi kwenye viganja, akamwambia rudi Jumamosi. Jumamosi alimfungua, akamwosha kwa sabuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampaka upya na kumfunga tena. Baada ya majuma kadhaa mikono ya mama ikawa mikono ya mtu. Mafuta yale yanafanya kazi. Lazima niliseme hilo hata kama nimekasirika.

Lakini hakuna siku masere alimwambia bandeji ile ni ya nini. Mama alidhani ni ya kuzuia asichafue kikwembe alichojifunga. Mimi nilidhani wazungu wanapenda tu kufunga vitu. Masere alijua, na alifunga kwa ustadi, na akanyamaza, kwa sababu mgonjwa wa kwetu alikuwa wa kupakwa, hakuwa wa kuelezwa. Halafu uhuru ukaja, na nyuma ya uhuru ukaja uasi, na asubuhi moja masere akavuka mpaka akiwa na sanduku lake dogo na ujuzi wake wote ndani ya kichwa.

Shule yetu ilifungwa. Baba, ambaye alikuwa amekwenda ng'ambo kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alifungiwa mpaka wa nchi akabaki Burundi, na kwa miezi tulikuwa tunajua tu kwamba yuko hai. Nyumbani tulibaki mama na mimi na wadogo zangu watatu ambao kazi yao ilikuwa kula. Chakula kilitoka kwenye kishamba chetu cha mpunga kule Kiringye, kwenye bonde la Ruzizi, na kishamba hicho kililimwa na mikono miwili. Sitaki mtu asome mbele bila kuelewa hapo. Mikono ya mama ndiyo ilikuwa sahani zetu.

Sasa yule mtu wa Kavimvira. Wakati wa masista alikuwa akifua bandeji za dispanseri. Sikumwona akivunja kufuli, kwa hiyo nitasema tu kwamba dispanseri ilibaki tupu na kibanda chake karibu na mpaka kikajaa. Alivaa koti jeupe la mtu mrefu kumzidi. Watu wakaanza kumwita dokta, naye akaanza kuitika. Alikuwa na vidonge vya rangi zote, akitoa kwa kutazama uso wa mgonjwa. Na alikuwa na madebe makubwa ya yale mafuta meusi, ambayo aliyachota kwa kijiko na kuyauza ndani ya mikebe ya nyanya.

Ule ulikuwa wakati wa dawa, mtu asinidanganye. Waasi walioshika mji walikuwa na dawa yao ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa hiyo ilikuwa na miiko. Usigeuke nyuma. Usimshike mwanamke. Usipeane mkono na mtu asiyepakwa. Kila mtoto wa Uvira aliijua miiko ile kuliko sala ya asubuhi, na ukikutana na mwasi njiani ulihamia upande mwingine ili usije ukamgusa ukamharibia, maana angekuuliza wewe. Tuliweza kushika miiko, basi. Hatukuwa watu wa kushindwa na masharti. Lakini dawa ya dokta haikuwa na sharti hata moja. Mama alipomuuliza atumieje, alimjibu bila kuinua macho:

"Paka tu, mama. Iko mafuta. Mafuta banapakaka namna gani?"

Namna gani? Asubuhi, baada ya kuoga, kabla ya kutoka. Mama alirudi na mkebe wake akiwa na furaha ya mtu aliyepata ndugu.

Kumbe masharti yalikuwapo. Ndani ya kila katoni ya madebe yale kulikuwa na karatasi za Kifaransa, nyembamba, zilizokunjwa vizuri, na dokta aliona ni karatasi nzuri. Mke wake aliuza karanga pembeni mwa kibanda. Akazitumia kufungia karanga.

Mimi nilikuwa mnunuzi mkubwa wa karanga zile, na nilikuwa natunza vifungio. Sikuwa natunza kwa sababu ya busara. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa binti mchekeshaji bila kazi. Nilichukua karatasi yoyote ya Kifaransa, niwe nimeiokota au nimekula karanga zake, nikaenda nayo mto Kavimvira ambako akina mama walikuwa wakifua, nikapanda juu ya jiwe na kuisoma kwa sauti ya puani kama padri mwenye mafua. Halafu "niliitafsiri". Karatasi ya kodi ya baiskeli ilikuwa habari ya chifu aliyemwoa mjakazi wake. Bei ya pamba ilikuwa barua ya mapenzi. Akina mama walicheka mpaka nguo zikachukuliwa na maji, na nguo ikichukuliwa walinituma mimi kuikimbilia.

Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kufua bila sabuni, siku ile alinipokea kwa kelele: "Padri wetu njo huyu. Leo umetuletea nini, mupumbavu?"

"Minye naleta sheria mupya ya serikali," nikasema. "Mukae vizuri. Weye shangazi funika magoti."

Nikafungua karatasi. Niliona maneno ya juu, goudron de houille, yaani lami ya makaa ya mawe, na chini yake maelezo ya mafuta ya ngozi. Nilijua ni ya dawa gani. Mama alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu, mikono yake inang'aa nyeusi mpaka viwikoni, anapiga shuka la wadogo zangu juu ya jiwe, na harufu ya lami ilikuwa inanifikia. Nilijua, na nikasoma.

Pale karatasi iliposema mafuta yapakwe jioni na kuoshwa asubuhi, nilitafsiri kwamba ni marufuku kwa bwana kulala bila kuoga. Akina mama wakashangilia. Pale iliposema yasipakwe juu ya kidonda wala ngozi iliyochubuka, nilisema bwana akimchubua mke kwa maneno atalala nje. Na pale iliposema sehemu iliyopakwa isipigwe na jua, nikakohoa kama padri, nikainua kidole:

"Kifungu ya tatu. Mwanamuke asitumwe shambani wakati wa jua. Atakaa kivulini, na bwana atamuletea chai."

Walicheka mpaka basi. Shangazi alilala chali kwenye majani. Mama naye alicheka, akajipangusa macho kwa mkono wake mweusi, akasema, "Hiyo sheria iko muzuri. Ianze kesho."

Nimefikiria mara nyingi jinsi ukweli ulivyonipitia mdomoni, karibu mzima mzima, ukatoka umevaa nguo za mzaha. Watu wananiuliza, uliwezaje kusoma usielewe? Nilielewa. Hilo ndilo linalonikera. Lakini miaka sita kwa mamasere nilikuwa nimefundishwa kwamba Kifaransa ni kitu cha kukariri. Ulisimama, ukasema habari za theluji na za babu mmoja anayefuga bata, ukapewa alama kwa matamshi, ukakaa. Hakuna masere hata mmoja aliyewahi kutuuliza kama maneno yale yanahusu mtu tunayemjua. Hayakuhusu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusema vizuri mambo yasiyonihusu, na ujuzi huo ndio niliopanda nao juu ya lile jiwe.

Juma lililofuata tulikwenda Kiringye, mama na mimi, kupalilia mpunga. Wadogo zangu tuliwaacha kwa shangazi. Tulipata lori la pamba, tukashushwa kwenye vizuizi mara tatu na vijana waliovaa majani kichwani, na kila mara mama aliificha mikono yake nyuma ili asimguse mtu kwa bahati mbaya. Kule tulikuwa na mwenyeji wetu, mjane mmoja wa Kirundi, Mkatoliki wa rozari shingoni hata akiwa anachimba mihogo, ambaye alitupa pembe moja ya nyumba yake.

Siku ya kwanza mama aliamka, akaoga, akapaka mafuta meusi kwa ukarimu kwa sababu alikuwa ugenini na hakutaka kuonekana mkavu. Tukashuka shambani. Jua la bondeni silo jua la ziwani. Kwetu kuna upepo. Kule jua linakukalia. Saa sita mama alisema mikono inamchoma kama aliyeshika pilipili. Nikamwambia labda ni majani ya mpunga. Alasiri mikono ilikuwa imevimba.

Siku ya pili alipaka zaidi.

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Alipaka zaidi kwa sababu kwa akili yake ugonjwa ulikuwa umeamka na dawa ilikuwa ndogo. Angefanya nini tena? Mtu mwenye akili timamu, asiyeambiwa kitu, anafanya lile lile lenye akili, na linamchoma. Nilimsaidia mimi mwenyewe kupaka nyuma ya shingo, pale asipofika vizuri. Tukashuka tena juani.

Siku ya tatu ngozi ilikuwa imejaa malengelenge, mengine makubwa kama maharage, na nyuma ya shingo ilikuwa imechubuka inatoa maji. Hakuweza kukunja vidole kushika jembe. Alijaribu kulishika kwa viganja viwili kama mtu anayebeba sahani ya moto, likaanguka. Mwenyeji wetu alikuja, akatazama, akasema "ihangane", yaani jipe moyo, akamwingiza ndani kwenye giza na kumfunika mikono kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia kwa sababu ya mwili wake. Alikuwa analia kidogo kidogo, bila sauti, kama mtu anayefanya kazi nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na ile sauti yangu ya puani ikaanza kujisomea yenyewe kichwani. Kifungu ya tatu.

Nikaingia.

"Mama. Ile karatasi ya mutoni."

"Karatasi gani?"

"Ile minye nilisoma kama padri. Ya chai."

Alikaribia kutabasamu. "Iko nini?"

"Ilikuwa ya hii mafuta. Ilisema kweli, muntu asiende mu jua. Ilisema apake magaribi, anawe asubuhi."

Nje mwenyeji wetu alikuwa akitwanga.

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ulicheza?"

Nikachovya kona ya kitambaa kwenye maji, ingawa ilikuwa bado imelowa.

"Nipe maji ya kunywa," akasema.

Nikamnywesha, kwa sababu hakuweza kushika kata. Nilitaka anipige. Nilikaa karibu kabisa ili iwe rahisi. Lakini mikono ya kunipigia ilikuwa imelala juu ya kitambaa kama vitu vya mtu mwingine.

Nilipalilia peke yangu siku zilizobaki, vibaya, nikikanyaga nilichopaswa kuacha, huku mwenyeji wetu akinirekebisha kwa Kirundi na mimi nikijifanya sielewi matusi. Tuliporudi Uvira mama alikuwa amefungwa vitambaa hadi kwapani, na ukimtazama kutoka mbali ungefikiri masere amerudi.

Nilikwenda Kavimvira siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Kulikuwa na watu kama kumi mbele ya kibanda: wavukaji mpaka, wabadilishaji pesa, mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto huyo, chenye mapunye na vidonda, kilikuwa kimepakwa cheusi tititi. Nikanunua karanga. Nikazimwaga chini zote, mke wa dokta akinitazama kama kichaa, nikanyoosha karatasi na kusoma. Safari hii bila puani. Nikasoma sentensi moja ya Kifaransa, nikaisema kwa Kiswahili kama ilivyo. Jioni, si asubuhi. Si juu ya kidonda. Si kwa mtoto mdogo bila daktari. Si juani.

Wakaanza kucheka.

Walinijua. Nusu yao waliwahi kunisikia mtoni au waliwahi kusimuliwa. Mbadilishaji pesa mmoja alijikalisha vizuri juu ya sanduku lake, akasema, "Endelea, padri. Fika pale pa chai."

"Hakuna chai," nikasema. "Minye sichezi."

Wakacheka zaidi, kwa sababu hata hilo lilikuwa sawa na mtindo wangu, kusema sichezi. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa na masere kwa rula upande wa ncha, lakini sijawahi kuaibika kama siku ile nilipokuwa nasema kweli kwa watu niliowazoesha mwenyewe kutoniamini.

Dokta hakucheka. Alitoka ndani akipangusa kijiko kwenye koti.

"Binti," akasema kwa upole, na upole huo nitaukumbuka, "ile karatasi iliandikwa juu ya wazungu. Bo njo ngozi yabo inaungua na jua. Sisi jua ilituzaa. Juu ya nini nigawe karatasi ya wazungu kwa bantu beusi?"

Watu wakaitikia. Ilikuwa hoja nzuri sana. Ilikuwa na uhuru ndani yake. Tulikuwa tumechoka kuambiwa mambo na wazungu, na huyu alikuwa akituambia kwamba hata jua ni letu.

"Na nani angesoma?" akaongeza.

"Minye," nikasema.

"Weye ulisoma," akasema dokta. "Na ulifanya nini?"

Kwa hiyo alikuwa amesikia naye. Ningeweza kumtupia jiwe, na mawe yalikuwapo, lakini lingelazimika kunipitia mimi kwanza.

Sauti ya mama ndiyo iliyonitoa. Sikumwambia anifuate; alikuwa amekuja taratibu nyuma yangu, mikono mbele, kama anayebeba mtoto. Aliniambia, "Nifungue."

Nikafungua vitambaa pale pale, kimoja kimoja. Cha ndani kilikuwa kimeshikana na ngozi, nikakilowanisha kwa maji ya mama muuza karanga, ambaye alinipa bila kuombwa. Mikono ilipokuwa wazi, yule mbadilishaji pesa alishuka kwenye sanduku lake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ngozi ya juu imetoka vipande, na chini yake palikuwa pekundu. Ngozi nyeusi, iliyozaliwa na jua.

"Hii iko ya muzungu gani?" mama akamuuliza dokta. Hakupaza sauti.

"Mama, ulizidisha," dokta akasema.

"Nilipaka sawa na ulisema. Sawa na mafuta."

Mama kijana alikuwa ameshamgeuza mtoto wake kutoka mgongoni, anamfuta kichwa kwa ncha ya kikwembe, anafuta na kufuta, na mtoto analia. Dokta alimtazama huyo kuliko alivyomtazama mama yangu. Halafu akamwambia mke wake aache kufungia karanga kwa karatasi zile. Hakuomba radhi, na zile karatasi zilizobaki sijui alizipeleka wapi. Nilirudi mara mbili kuziomba na mara zote mbili aliniambia zimekwisha.

Mikono ya mama ilichukua zaidi ya mwezi kupona. Mpunga wetu ulivunwa na wengine kwa kugawana nusu, tukala mihogo, na wadogo zangu walijifunza kwamba sahani inaweza kuwa tupu na bado ikaoshwa. Vidonda viliacha mabaka, mengine meusi kuliko ngozi yake, mengine meupe. Vidole vinakunjika. Anashika jembe.

Ningependa kuishia hapo, mama akitupa mkebe ziwani na mimi nikipiga makofi. Hakuutupa. Ngozi ilipokwisha kupona, ugonjwa wa zamani ulirudi juu yake kama mwenye nyumba, magamba na muwasho, na mama akaanza tena kutafuta gunzi. Jioni moja nilimkuta ameweka mkebe katikati ya ukumbi.

"Leta kitambaa ya baba yako, ile shuka ya zamani," akasema. "Pasua."

"Mama, hapana."

"Inawasha."

"Iliunguza weye mpaka mufupa."

"Jua njo iliniunguza. Mafuta ilinisaidia miaka yote, masere alikuwa anafunga. Tutafunga."

Nikamwambia kila kitu nilichokumbuka kutoka kwenye karatasi, mara hii bila kuombwa, nikihesabu vidole. Jioni, ndiyo. Kuosha kwa sabuni kabla ya jua kutoka, ndiyo. Shati la baba la mikono mirefu shambani, ndiyo, hata kama watu watasema. Kwenye mchubuko, hapana, kwa hiyo kwanza aache gunzi. Alikubali yote, kama mwasi anayepokea miiko. Kisha nikafika mwisho.

"Ilisema tena muntu asitumie siku mingi bila kuonwa na daktari."

"Siku mingi iko ngapi?"

"Haikusema."

"Ilisema itafanya nini?"

"Haikusema."

Mama akatazama mikono yake. "Basi nitajuaje?"

Uasi umeondoka mjini sasa na shule imefunguliwa, na baba amerudi akiwa mwembamba. Hakuna daktari bado. Kuna nesi wa serikali anayekuja akitaka. Nilimuuliza. Alisema dawa ni dawa. Nilimuuliza mwalimu wetu mpya wa sayansi, kijana kutoka Bukavu mwenye kalamu tatu mfukoni, ile lami ya makaa ya mawe inafanya nini ndani ya mtu ikikaa miaka. Alisema swali hilo haliko kwenye programu ya masomo, akaniambia nikae, darasa likacheka kwa sababu ni mimi niliyeuliza. Nilimwambia kwamba sijauliza programu, nimeuliza mikono ya mama yangu, na nikafukuzwa mpaka mchana. Nilikaa nje chini ya dirisha nikimsikia akiwafundisha wenzangu sehemu za ua kwa Kifaransa. Matamshi yake si mazuri.

Kwa hiyo jioni, wadogo zangu wakishakula, tunakaa ukumbini. Mama ananyoosha mikono juu ya magoti yangu. Nachota kwa kijiti, kidogo tu, napaka juu ya magamba bila kugusa mabaka mapya, nafunga kwa vipande vya shuka. Asubuhi kabla ya jogoo wa jirani kumaliza namwosha kwa sabuni mara mbili na kunusa kama harufu imetoka. Sijui kama namponya au namharibu polepole, na wanaojua wako mahali fulani wananyamaza kwa ustadi. Nampaka nikiwa na hasira, na hasira inaingia kwenye vidole.

"Usikandamize," mama ananiambia. "Iko ngozi, haiko barabara."